Tusitupe Vitako Vizima kwa Ajili ya Injini Zilizokufa

Mashine ya kukata nyasi, kwa mtu aitazamaye kwa haraka, ni kitu kimoja. Lakini fundi aliyeifungua na kuifunga mara nyingi hujua ya kuwa ni vitu viwili vilivyokutanishwa kwa bolti tatu au nne, na ya kuwa umri wa kimoja si umri wa mwenziwe. Juu iko injini, yenye pistoni, ringi, vali na kabureta, ambayo hula vumbi, husahauliwa mafuta, hunyweshwa petroli iliyolala miezi, na aghalabu hufa ingali changa. Chini kiko kitako, yaani lile ganda la chuma au la alumini libebalo magurudumu, mkono na kisu, ambalo likisafishwa na kukaushwa baada ya kazi, na likiwekwa mahali pasipovuja, huweza kuzika injini mbili au tatu nalo likabaki limesimama. Rai yangu ni kwamba kukitupa kitako kizima kwa sababu injini yake imekufa ni israfu isiyo na udhuru, na kwamba kukivika injini ya namna nyingine ni kazi ya elimu na ya vipimo, inayostahili kufundishwa katika vyuo vyetu na kuruhusiwa katika taratibu za mali ya umma, kwa sharti moja ambalo sitalilegeza hata kidogo, nalo ni usalama wa yule atakayeisukuma.

Wengi wetu tumelelewa na fyekeo, na fyekeo lina heshima yake, wala sisemi liondoke. Lakini uwanja wa mpira wa shule, ua wa hospitali ya wilaya ambamo nyasi ndefu huficha nyoka, makaburi, viwanja vya misikiti na makanisa, na kandokando ya viwanja vya ndege vidogo, ni mahali ambapo mikono ya watu wachache haiwezi kumaliza kazi kabla mvua haijazirudisha nyasi zilizokatwa. Kwa hiyo taasisi hununua mashine. Mashine hufanya kazi misimu michache. Injini hukwama au hupoteza nguvu ya kugandamiza. Kipuri hutafutwa kisipatikane, au hupatikana kwa bei inayokaribia ya injini nzima. Na hapo mashine huvutwa ikaegeshwa nyuma ya ghala, hata siku ikafika mbele ya kamati, ikaandikwa ya kuwa haifai, ikauzwa kwa kilo pamoja na vitanda vilivyovunjika. Katika karatasi ya kamati hapana safu iulizayo ni kipi kilichokufa na ni kipi kilicho hai. Mashine yote huhukumiwa kwa ugonjwa wa kiungo kimoja, kisha fedha ya umma hutoka mara ya pili kununua mashine mpya ambayo, kwa bahati mbaya, mara nyingi kitako chake ni bati jembamba kuliko kile kilichouzwa.

Mabaharia wa pwani yetu hawakuwa na mwenendo huo. Jahazi lililovunjika mlingoti lilipewa mlingoti mwingine, na zilipokuja zama za injini, mafundi waliitia katika vyombo vilivyokwisha kuundwa kwa ajili ya tanga, wakaimarisha palipotaka kuimarishwa na kutoboa palipotaka kutobolewa, kwa kuwa walijua thamani ya mbao zilizoshikana vema. Kitako cha mashine kinataka jicho la namna hiyo.

Iko nchi moja ambamo jambo hili limekuwa ada, nayo ni Australia. Mwaka 1952, katika kitongoji cha Concord mjini Sydney, mtu aliyeitwa Mervyn Victor Richardson alikuwa akimtafutia mwanawe mashine nyepesi ya kukatia nyasi za watu kwa ujira. Mtu mwingine wa mji huo, Lawrence Hall, alikuwa ametangulia kuunda mnamo mwaka 1948 mashine yenye kisu kinachozunguka chini ya ganda, lakini ilikuwa nzito na taabu kuiendesha. Richardson alichukua injini ndogo ya Villiers iliyotengenezwa Uingereza, akailaza ubavu ili shafti yake ielekee ardhini, akaifunga juu ya kitako alichokiunga kwa vyuma alivyokuwa navyo, na kwa kuwa hakuwa na tangi la petroli, akatumia kopo lililokuwa na matunda ya pichi. Mashine hiyo akaipa jina la Victa, alilolikata kutoka katika jina lake la pili. Kufikia mwaka 1958 kampuni yake ilikuwa imehamia kiwanda kipya cha Milperra, ina wafanyakazi 3,000, inatengeneza mashine 143,000 kwa mwaka na kuzipeleka katika nchi 28; na Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Sydney mwaka 2000, mashine za kukata nyasi ziliingizwa uwanjani zikachezeshwa mbele ya dunia nzima, kama taifa jingine lingeingiza ngoma zake.

Habari hiyo nimeileta kwa sababu inaonyesha asili ya kitu chenyewe. Mashine hii, tangu siku yake ya kwanza, ilikuwa injini ya kazi nyingine iliyofungwa juu ya kitako kisichokuwa chake. Kampuni iliyozaliwa katika kopo lile baadaye ikauza vitako vyake vikiwa na injini yake yenyewe ya mipigo miwili, na vilevile vikiwa na injini ya mipigo minne ya Briggs & Stratton kutoka Marekani; na Waaustralia, walipokwisha kuona kwa macho yao kwamba kitako kimoja hukubali injini mbili, hawakungoja ruhusa ya mtu. Hata leo vitako vya zamani vya alumini ya kusubu hutafutwa huko, husuguliwa, hupakwa rangi na kuvishwa injini nyingine. Watu hao si maskini wa kukosa fedha ya mashine mpya. Wanakitafuta kitako cha kale kwa kuwa ni kinene, hakili kutu kama bati, na magurudumu yake hayayumbi.

Sasa niingie katika kiini cha kazi, ambamo mafundi wetu wengi, ingawa mikono yao ni mahiri, hupotea kwa kukosa mtu wa kuwaambia jambo moja. Injini iliyojaa katika maduka yetu, kuanzia Kariakoo hata Nairobi, ni ile ya mipigo minne yenye shafti ya kulala, iliyobuniwa kwa pampu za maji, jenereta na mashine za kutikisa zege, ambayo umbo lake ni la Honda GX160 au la zile zilizoigwa kutoka kwake huko China. Ni injini njema, ya sentimita za ujazo 163, na vipuri vyake hupatikana hata katika miji midogo. Ilhali injini yenye shafti ya kusimama, ambayo ndiyo itakiwayo na kitako cha kisu kinachozunguka, ni adimu na ghali. Basi fundi huona kitako kisicho na injini, na huona injini ya pampu isiyo na pampu, na akili yake, ambayo haina kosa katika kutamani, humwambia ailaze ubavu kama alivyofanya Richardson.

Asiilaze. Injini ya Villiers ya mwaka 1952 ilikuwa ya mipigo miwili. Mafuta yake ya kulainisha yalichanganywa ndani ya petroli, yakapita pamoja nayo kila mahali, na kwa hiyo haikuwa na bwawa la mafuta chini ya tumbo lake, wala haikujali imelala au imesimama, maadamu kabureta imewekwa wima. Injini ya pampu ya leo ina mafuta yake katika sampu, na chini ya konrodi pana kijiko kidogo kinachoyachota na kuyarusha juu ya kuta za silinda na kwenye beringi. Ukiilaza, mafuta hukimbilia upande mmoja, kijiko huzunguka hewani, boya la kabureta hukwama, na mafuta huanza kupenya mahali yasipotakiwa. Injini itawaka, na hapo ndipo palipo na hadaa, kwa kuwa fundi ataisikia ikinguruma, mteja atalipa na kuondoka, na katika muda mfupi chuma kitasaga chuma. Injini ya shafti ya kusimama haikugeuzwa tu. Imeundwa upya ndani yake, ina mpango mwingine wa kurusha au kusukuma mafuta, na beringi yake ya chini imetayarishwa kubeba mzigo wa kisu. Elimu hii ni ya dakika kumi darasani, na kukosekana kwake kumeua injini ambazo zingaliweza kumwagilia mashamba.

Ama kwa yule aliyekwisha kupata injini ya kusimama iliyo nzima, pengine kutoka katika mashine nyingine ambayo kitako chake ndicho kilichooza, kazi yake ni ya kupima. Naomba msomaji asiye fundi anivumilie hapa, maana hoja yangu yote imesimama juu ya milimita.

Shafti za injini za kusimama hazina unene mmoja: ziko za inchi saba ya nane, yaani milimita 22.2, ziko za milimita 25, na ziko za inchi moja kamili, yaani milimita 25.4. Tofauti ya hizo mbili za mwisho ni unene wa kadi chache za karatasi, na jicho haliioni. Lakini kikombe cha kisu kilichochongwa kwa milimita 25.4, kikivikwa shafti ya milimita 25, huwa na nafasi ya kucheza, na kitu kinachocheza katika mizunguko elfu tatu kwa dakika hakikai hivyo muda mrefu. Kwa shafti za kulala mtego ni huo huo, kwani ziko za inchi robo tatu, ambazo ni milimita 19.05, na ziko za milimita 20, na injini mbili zilizofanana rangi na umbo dukani huweza kutofautiana hapo tu. Fundi mwenye kipimo cha venia hugundua kabla ya kulipa. Fundi asiye nacho hugundua akiwa na nyundo mkononi, naye hupiga.

Kisha urefu. Shafti fupi za kawaida hutokeza takriban milimita 62 chini ya injini, na nyingine takriban milimita 80. Kisu sharti kikae ndani ya pindo la kitako, juu ya ukingo wake wa chini, ili kisilambe mawe na kisifikie kidole cha mguu. Wala kisipande mno, kwa maana hapo hakitavuta majani yakasimama. Milimita 18 za tofauti hiyo huamua kama mashine ni chombo cha kazi au ni hatari. Na bamba litakalowekwa kati ya injini na kitako, kwa kuwa tundu za injini ngeni ni nadra kulingana na tundu za kitako, nalo lina unene wake, kwa hiyo huinua injini na kuinua kisu pamoja nayo: fundi achaguaye bamba la milimita 10 ajue amekwisha kula milimita 10 za shafti. Bamba lenyewe kwangu mimi ndilo kipimo cha ustadi. Lichongwe kwa kerezo mahali pa duara la kati, ili shafti ishuke katikati kabisa. Likichongwa kwa moto na kusawazishwa kwa tupa kwa kukadiria, kisu kitakuwa karibu na ukingo upande mmoja na mbali upande wa pili, na siku ya kwanza kitagonga. Bolti zishikazo bamba kwenye kitako zisiwe ndizo zishikazo injini, zizamishwe vichwa vyake, zitiwe washa za kuzuia kulegea. Katika kitako cha bati kilichochoka kando ya tundu, bamba la pili liwekwe chini, ili mzigo usibebwe na pete nyembamba ya chuma kilicholiwa. Katika kitako cha alumini, ufa usipakwe gundi na kufichwa kwa rangi. Kuchomea alumini kunataka vifaa na mkono uliozoea, na ikiwa havipo, kitako kilichopasuka penye injini kisitumike.

Iko sehemu moja ndogo ambayo naitetea kwa nguvu, kwa kuwa mara nyingi huvunjwa kwa nia njema. Katika mashine nyingi, kikombe kinachoshika kisu, au kii iliyo kati ya shafti na flaiwili, vimefanywa vya madini laini kwa makusudi, ili kisu kikigonga jiwe au mzizi, sehemu hiyo ikatike na kuiokoa krenki. Mashine nyingine, na za Victa ni mashuhuri kwa hilo, zina sahani inayozunguka na visu vidogo vilivyofungwa kwa bolti pembeni, ambavyo vikigonga hurudi nyuma. Fundi wetu huona kii iliyokatika mara mbili, huhuzunika kwa ajili ya mteja wake, akaweka kipande cha chuma kigumu, au akachomea kikombe moja kwa moja kwenye shafti, kisha akasema sasa haitakatika tena. Kweli haitakatika, itakayopinda ni krenki, na mtikisiko wake utapasua kitako kile kile alichotaka kukiokoa.

Juu ya mwendo wa kisu sitanii, kwa sababu hapo ndipo mtu hupoteza mguu. Kisu cha inchi 18 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukata hewa kwa takriban mita 72 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Kanuni ya viwango ya Marekani imeweka mpaka wa futi 19,000 kwa dakika, kiasi cha mita 96.5 kwa sekunde, ambao ncha ya kisu isiuvuke. Sasa chukua kitako kipana cha inchi 21, ukifungie injini ambayo gavana yake, yaani kidhibiti cha mwendo, imepangwa mizunguko 3,600, na ncha itakwenda kwa mita 100 kwa sekunde: umekwisha kuuvuka mpaka, wala hapana mtu aliyekuambia, maana mashine inakata vizuri kuliko jana. Nguvu iliyomo katika kisu haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mwendo ukizidishwa kwa wenyewe. Kutoka mizunguko 3,000 hadi 3,600 ni nyongeza ya sehemu moja ya tano, lakini jiwe litakalorushwa linaweza kutoka na nguvu iliyoongezeka karibu nusu. Kwa hiyo kila fundi afungaye injini ngeni hana budi kupima mizunguko yake kwa kipimo, si kwa sikio, na kuipunguza gavana hadi inapostahili. Na mkono wa kuzimia usiachwe ukining'inia kwa kuwa waya wake haukufika. Huko Marekani, tangu mwaka 1982, mashine ya kusukuma kwa miguu inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani sharti kisu chake kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mtu kuachia mkono. Injini ikibadilishwa, breki inayokisimamisha kisu ibadilishwe pamoja nayo, na ikiwa injini mpya haina breki, hiyo si injini ya mashine hii.

Baada ya maonyo hayo yote napenda kusema habari ya furaha, ambayo sijaona watu wengi wakiizingatia. Katika shule kongwe, vilabu vya gofu na nyumba za serikali zilizojengwa zama za Waingereza, mna mashine za namna nyingine kabisa, zile za silinda, ambazo visu vyake vimejipinda juu ya rola na kukata kama mkasi dhidi ya kisu kilichotulia. Hizo ndizo kongwe katika ukoo huu: Edwin Budding alipewa hati ya ubunifu wake huko Stroud mwaka 1830, akiwa amelichukua wazo kutoka katika mashine ya viwanda vya nguo iliyokata manyoya juu ya kitambaa, na kampuni ya Ransomes ya Ipswich ikaanza kuzitengeneza miaka miwili baadaye. Ransomes ikaleta mashine ya petroli mwaka 1902, na Atco ya Birmingham ikafuata mwaka 1921. Vitako vya namna hiyo ni vya chuma cha kusubu, vizito, na aghalabu hali yake ni njema, kwa kuwa hapakuwa na kitu ndani yake cha kuharibika isipokuwa beringi na minyororo. Injini zake hazina vipuri tena popote karibu nasi. Lakini injini hizo zilikuwa za shafti ya kulala! Kwa maana hiyo, ile injini ya pampu, ambayo juu ya kitako cha kisu kinachozunguka ni haramu kuilaza, hapa hukaa wima kama ilivyozaliwa, na kazi iliyobaki ni puli au meno ya mnyororo ya kupunguza mwendo, kwani injini ya leo ina kasi kuliko babu zake, pamoja na kuhakikisha ya kuwa inazunguka upande ule ule ambao silinda inautaka. Ziko hata injini za umbo hilo zilizotoka kiwandani zikiwa na kipunguza mwendo cha nusu na klachi yake. Mtunzaji wa uwanja aliye na kitako cha Ransomes na injini ya pampu ana mali mkononi ambayo duka lolote litamwuliza fedha nyingi kumpa mfano wake.

Watanipinga watu wa aina mbili, na wote wana sehemu ya haki. Wa kwanza watasema mashine mpya ina dhamana ya kiwanda, na kwamba msimamizi wa shule akikubali mashine iliyounganishwa mtaani, kisha mtu akaumia, lawama itamwangukia yeye. Kwa hao jibu langu ni kwamba hofu yao ni ya kweli, na dawa yake ni hati: fundi aandike vipimo alivyovikuta na alivyovifanya, mizunguko aliyoiacha, na muda ambao kisu kilichukua kusimama, kisha atie sahihi, na msimamizi asipokee mashine isiyo na karatasi hiyo. Dhamana ya dukani, kwa mashine inayokata ekari kila wiki, mara nyingi imekwisha kabla ya masika ya pili. Wa pili watasema petroli inaondoka duniani, na wataleta mfano wa California, ambako tangu mwaka 2024 injini mpya za petroli za ukubwa huu hazina nafasi tena katika masharti ya hewa safi. Nami nasema, kama ni hivyo, basi kitako ndicho kitakachozidi kuwa na thamani, kwa sababu mota ya umeme nayo itataka bamba, duara la kati, urefu wa shafti na mpaka wa mwendo wa kisu. Atakayekuwa amejifunza kuvika petroli juu ya kitako cha kale ndiye atakayejua kuvika betri.

Ninachokidai hakihitaji bajeti kubwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ununuzi na Uondoshaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 imekwisha kuweka kamati za kuondoa mali. Basi katika fomu zake, kwa kila mashine yenye injini, iongezwe safu mbili, ya hali ya injini na ya hali ya kitako, zijazwe na fundi na si na karani, na kitako kilichoandikwa kizima kisiuzwe kwa kilo kabla taasisi haijapata bei ya kukivika injini nyingine. Tanzania ina SIDO, shirika la viwanda vidogo, tangu mwaka 1973, na ina VETA, mamlaka ya ufundi stadi, yenye karakana na makerezo katika mikoa. Hapana zoezi la kufundishia lililo bora kwa kijana wa mwaka wa pili kuliko kumpa kitako kimoja, injini ngeni, kipande cha bamba na kipimo cha venia, kisha kumtaka alete mchoro kabla hajagusa chuma. Humo mna kupima, kuchora, kukereza, kutoboa kwa keekee, kusawazisha kisu na kuhesabu mwendo, yaani nusu ya elimu ya ufundi wa mitambo katika kitu kimoja ambacho kesho yake kitakwenda kufanya kazi katika uwanja wa shule ya jirani. Michoro ya mabamba yaliyofaulu ikihifadhiwa chuoni, kila mmoja ukitaja kitako na injini, fundi wa gereji aliye nje ya lango ataweza kuja kunakili, na haitakuwa lazima kila mtu agundue upya kwa hasara yake mwenyewe.

Liko dai la mwisho, nalo ni kwa waagizaji wa injini, ambao biashara yao naitakia kheri. Ubavuni mwa kila sanduku huandikwa nguvu za farasi kwa herufi kubwa, na mara nyingi ndizo herufi pekee. Mashirika yetu ya viwango, TBS na KEBS, yawaagize waandike pia unene wa shafti kwa milimita hadi desimali, urefu wake, upande inaozungukia ukiitazama kutoka kwenye shafti, umbali wa tundu za kufungia, na mizunguko iliyopangwa kiwandani. Wino wake ni wa senti chache, na fundi wa Mwanza au wa Nakuru, aagizaye injini kwa simu na kutuma fedha kabla ya kuiona, hana njia nyingine ya kujua kama kitakachoshushwa kutoka kwenye basi kitaingia katika kitako kinachomngoja juu ya meza.